Tusilale na Jiko la Mkaa Chumbani

Ndugu Waislamu, kila ifikapo Juni na Julai, baridi ya usiku katika miinuko ya Tarime, na hata Mugumu kule Serengeti, huwafanya baadhi yetu waingize jiko la mkaa chumbani, wafunge dirisha, kisha walale. Tunasema wazi: jambo hili linaua. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala hapati onyo.

Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba nyumba iliungua usiku mjini Madina, na Mtume (s.a.w.) akawatanabahisha watu kuwa moto ni adui yao, basi wauzime walalapo. Wazazi tutajibu nini mbele ya Allah ikiwa watoto tuliokabidhiwa watadhurika kwa uzembe wetu?

Basi tuote moto kabla ya kulala, mahali penye kupitisha hewa, kisha tujifunike mablanketi. Jiko libaki nje, hata likionekana limezimika, kwani makaa yaliyo chini ya majivu bado yana madhara.

Jikoni nako, kuni kavu, sufuria yenye kifuniko na jiko banifu lenye bomba la moshi huokoa kuni na vifua vya mama zetu. Israfu imekatazwa, hata katika kuni.

Tunawaomba maimamu walikumbushe hili leo baada ya swala. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu. Amin.