Kaniki ya Rabai

Kwa jamaa wa Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu, na kwa kila anayekaa barazani baada ya alasiri.

Mtoto wenu aliye Illinois amefika salama. Mahamri aliyofungiwa na nyanya hayakumaliza siku mbili, na baridi ya huku ni ile ile. Lakini barua hii si ya mahamri. Ni ya ile siku moja ya likizo iliyozua maneno nyumbani, siku alipopanda matatu ya Mazeras asubuhi na kurudi magharibi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

“Rabai kuna nini?” shangazi alimuuliza, mkono ungali kwenye mbuzi anakuna nazi. Swali la haki. Nazi yenyewe huenda ilitoka huko huko, ila mtu wa Mji wa Kale huijua Jeddah na Dubai kabla ya kuvijua vilima vilivyo nyuma ya Jomvu, mwendo usiofika saa moja kama Changamwe hakuna foleni.

Sababu ilianzia Marekani. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yalirudisha Kenya vigango 37. Kabla ya hapo makumbusho ya Denver yalirudisha 30. Kigango ni nguzo ya mbao ngumu, kichwa cha duara, mwili umejaa nakshi za pembetatu, ambayo Wagiriama humsimikia marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Kikishasimikwa hakiguswi, hata wenyewe wakihama. Vingi vilihamishwa na wezi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa. Habari zilipotoka, wenzake kazini walimjia mtoto wenu na maswali: si wewe ni mtu wa pwani? Aliyoyajua juu ya Wamijikenda yaliishia kwenye makuti na tembo la mnazi. Aliona haya.

Basi akaenda. Si kwa Wagiriama, kwa sababu Rabai ndiyo iliyokuwa karibu, na Rabai ni mmoja katika miji tisa ya Wamijikenda. Kutoka Mazeras bodaboda hupanda katikati ya minazi na mikorosho hadi penye kanisa la kale ambalo leo ni makumbusho. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na kichanga chao bara, ng'ambo ya kisiwa, na mwaka 1846 akahamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Ni Rebmann aliyetoka kwenye kilima hicho mwaka 1848 akaenda kuiona theluji ya Kilimanjaro, na wajuzi wa London wakambishia. Kamusi kubwa ya Krapf ilichapwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshakufa, na imejaa Kimvita. Maneno ya nyanya zetu yaliandikwa na mtu aliyekuwa mgeni wa Warabai! Mtoto wenu alisoma hadi chuo kikuu bila kuambiwa hilo.

Lakini kaya, msitu wa mababu wa Warabai, ndiyo iliyomkaa moyoni zaidi. Mzee aliyempokea alimwambia avue viatu, kisha akamfunga kaniki kiunoni mwenyewe, fundo upande wa kushoto, akalivuta kulijaribu kama mama anayempeleka mwanawe chuoni. Usikate kitu, usiokote kitu, hata jani. Njia ni nyembamba, watu wawili hawapishani. Jua lilibaki nje. Chini majani yameoza tabaka juu ya tabaka, laini kama godoro la sufi, na kelele za bodaboda zikakatika ghafla. Katikati pana uwanja ulio wazi, mahali palipokuwa mji.

“Mudzi Muvya,” mzee alisema. Mudzi ni mji, muvya ni mpya, mtoto wenu hakuhitaji mkalimani. Fingo, kinga ya kaya, imezikwa, na ilipo mzee hakupaonyesha. Hakuulizwa mara ya pili.

Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Mijikenda kwenye Urithi wa Dunia, miaka mitatu kabla ya Ngome ya Yesu. Ndiyo, watu wa Ndia Kuu, msitu ulitangulia.

Shangazi aliuliza pia kama hiyo si shirki. Mtoto wenu alikwenda kutazama na kusikiliza, hakuomba kitu kwa yeyote. Wadigo wengi ni Waislamu na kaya zao wanazitunza.

Yako mazito zaidi ya hayo. Mwaka 1614 Sultani Hassan wa Mombasa aligombana na Wareno akakimbilia bara, mahali ambapo hati zao zinapaita Arabaya na wanahistoria wanapahesabu kuwa Rabai. Huko akauawa na wenyeji waliolipwa nguo na Wareno, kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf ndiye aliyekuja kuiteka Ngome mwaka 1631. Nguo hizo zilimkaa mtoto wenu kichwani wakati kaniki ikifungwa. Mzee yeye alikuwa na hesabu nyingine: “Mjini mlituita Wanyika. Sasa mwatuitaje?” Jina la Mijikenda lilienea miaka ya 1940, wenyewe walipolichagua. Mgeni alijibu “Mijikenda” haraka mno, na mzee akacheka, kwa sababu wote wawili walijua neno linalotumika sokoni mtu akikasirika.

Kisha mzee akasema jambo bila kucheka. Kwamba hapendi tena kutembea usiku. Katika Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingine na jamaa wanaotaka shamba, na mvi, ambazo zamani zilimpa mtu kiti cha mbele, sasa zinamtia hofu. Wazee ndio wanaojua njia ya kaya na wakati wa kuifunga. Vijana waliokuja siku ile walikuwa wawili, mmoja akiwa na simu sikioni.

Kaniki ya mzee ilibaki Rabai. Mtoto wenu alinunua yake Markiti siku ya pili, ameiacha juu ya sanduku la nyanya chumba cha nyuma, imekunjwa. Watoto wa Kuze wakifunga shule mwezi wa nane, na wapande nayo. Ni ndefu, yawatosha wawili ikikatwa. Na shangazi asiitumie kufungia kuni.