Barua Pepe Ikiingiliwa, Nywila Mpya Haitoshi

Mtu akihisi barua pepe yake imeingiliwa, hubadili nywila kisha akaendelea na shughuli zake. Hilo halitoshi, na hapa Songea linapwaya zaidi kwa sababu akaunti nyingi hazikufunguliwa na wenyewe. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu, au kazi kupitia Ajira Portal, huenda steshenari. Mhudumu humfungulia barua pepe, humtungia nywila na kumwandikia kwenye kipande cha karatasi. Simu ya kijana ikiwa imezima chaji, namba ya kurejeshea akaunti huwekwa ya mhudumu. Tangu hapo mwenye akaunti hasa ni mwenye namba. Kijana abadili nywila mara ngapi, mwenye namba atabofya palipoandikwa kuwa amesahau nywila, atatumiwa tarakimu, ataingia.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie kwenye mipangilio. Kwenye Gmail tazama namba na anwani ya kurejeshea, halafu vifaa vilivyoingia, kisha sehemu ya vichujio na kusambaza barua, ambayo wengi hawaifungui kabisa. Aliyeingia mara moja tu aweza kuacha amri kwamba kila barua ifikayo itumwe pia kwake, na nywila mpya haiifuti amri hiyo. Ukikuta kisicho chako, piga picha ya skrini kabla hujakifuta, maana polisi watataka ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia bila haki hata kama hakuna kilichoibwa. Faini yake haipungui shilingi milioni 3, na kifungo hakipungui mwaka 1. Lakini usikimbilie kumshuku mtu. Ukiwa Lizaboni, hapa Songea, ukaona kifaa kimeandikwa Dar es Salaam, huenda ni simu yako mwenyewe, kwani intaneti ya simu mara nyingi husomeka mahali ulipo mtambo wa kampuni. Linganisha aina ya simu na saa iliyoingia.

Wapo watakaosema hawana cha kuibiwa. Wizi wa data za watumiaji wa Yahoo wa 2013 uligusa akaunti zote bilioni 3, za matajiri na za makabwela. Tena kwenye barua za huyo asiye na kitu mna nakala za vyeti na namba ya NIDA, na humo ndimo hupitia kiungo cha kubadili nywila za akaunti zake nyingine. Wengine watasema nawasingizia wahudumu wa steshenari. La hasha, wengi huweka namba zao ili mteja asikwame siku ya mwisho ya maombi. Ila mhudumu akihama, au laini yake ikifungwa na namba kupewa mtu mwingine, mteja hana wa kumuuliza. Ndugu zetu wa steshenari, mteja asiyekuja na simu yake mwambieni akaifuate kwanza.