Karatasi Inayooza Ipimwe Katika Hewa Yetu

Mwaka 2022 wataalamu wa taasisi ya Empa ya nchi ya Uswisi, wakiongozwa na Gustav Nyström, walitangaza kwamba wametengeneza betri ya karatasi. Ni kipande cha karatasi kilichotiwa chumvi ya kawaida, kikapakwa wino wa grafiti upande mmoja na wino wenye unga wa zinki upande wa pili. Kikiwa kikavu hakina nguvu yoyote. Kikitiwa matone mawili ya maji, chumvi huyeyuka, na kabla sekunde 20 hazijapita betri huamka na kutoa volti 1.2. Mbili za namna hiyo ziliunganishwa, zikaendesha saa ya kuamshia. Wataalamu wenyewe, nasi twawasifu kwa ukweli wao, walieleza kwamba baada ya saa moja nguvu ilipungua sana, kwa kuwa karatasi ilikuwa imekauka. Walipoongeza matone mengine mawili iliendelea kwa muda uliopita saa moja, lakini kwa volti 0.5 tu.

Wako watakaocheka. Sisi hatucheki. Betri hiyo haikukusudiwa redio wala tochi. Ilikusudiwa vitu vya kutumika mara moja, kama vile vipimo vya ugonjwa na alama za kufuatilia mizigo, na kwa kazi hizo saa moja yaweza kutosha kabisa. Tena haja yake ni kubwa. Katika mwaka huo huo wa 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme, na zilizokusanywa na kushughulikiwa kwa utaratibu hazikufika robo. Kule Agbogbloshie, mjini Accra, hadi mahali hapo palipobomolewa mwaka 2021, vijana walikuwa wakichoma nyaya ili wapate shaba, huku wakivuta moshi wake vifuani mwao. Mtu anayebuni chombo kitakachorudi udongoni bila kupitia mikononi mwa vijana wa namna hiyo ametenda jambo jema.

Lakini kuoza ni sifa ya kitu kilichokwisha maliza kazi yake. Kikioza kabla, hiyo ni hasara ya aliyekinunua. Na hapa ndipo tunapotaka kuuliza.

Karatasi hunywa unyevu wa hewa. Ikinywa hufura, ikikauka husinyaa, na njia nyembamba za wino zinazopitisha umeme juu yake zaweza kupasuka. Sisi wa magazeti hatuhitaji kufundishwa jambo hilo na profesa. Tumekwisha ona robota za karatasi zilizohifadhiwa vibaya wakati wa masika zikikatika mtamboni usiku kucha. Kanuni ya kimataifa ya kupima karatasi yataka ipimwe katika chumba chenye joto la nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50. Hiyo siyo hewa ya Tanga, wala ya Mtwara, wala ya ghala la bandari ya Dar es Salaam, ambamo sanduku la dawa laweza kungoja majuma mengi. Betri inayoamshwa na matone mawili ya maji itakuwaje katika ghala hilo kama kifuniko chake si imara?

Tutaambiwa kwamba itapakwa nta au plastiki. Vema, lakini plastiki haiozi, na hivyo tutakuwa tumerudi tulikotoka. Na mara nyingi njia za umeme huchapwa kwa wino wa madini ya fedha. Karatasi itakwisha, madini yatabaki. Kila kinachoongezwa ili chombo kidumu hupunguza uwezo wake wa kuoza, na mtu fulani lazima aamue kikomo kiwe wapi.

Uamuzi huo usiachiwe muuzaji peke yake. Mwaka 1924 wenye viwanda vikubwa vya globu za umeme waliunda umoja ulioitwa Phoebus, wakapatana kwamba globu iwake saa 1,000 tu, ingawa nyingi za siku zile ziliweza kuwaka saa 1,500 na zaidi. Kiwanda kilichozidisha kilitozwa faini. Siku hizo hawakuwa na kisingizio cha kuyalinda mazingira. Wafanyabiashara wa leo watakuwa nacho, tena kizuri, na mfanyakazi atauziwa kitu kile kile mara tatu huku akisifiwa kwa kuipenda dunia.

Kwa hiyo twalitaka Shirika la Viwango lisingoje. Kabla vipimo vya karatasi vyenye umeme havijaingia katika zahanati zetu, vipimwe katika joto na unyevu wa pwani, vikiwa ndani ya vifungashio vyake, kwa muda ule ule vitakaokaa ghalani. Juu ya kila kimoja paandikwe kwa Kiswahili kitadumu muda gani kabla ya kufunguliwa, kitafanya kazi kwa muda gani baada ya kufunguliwa, na ni sehemu ipi isiyooza. Kama jibu ni saa moja, basi iandikwe saa moja, ili muuguzi ajue kabla hajamwita mgonjwa.