Nguzo za Mkunazini Zinachekesha Nini?

Hebu tuulizane, ndugu msomaji. Ukiingia kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, lazima utaonyeshwa zile nguzo za nyuma, karibu na mlango. Eti zimesimamishwa juu chini, Askofu Steere alikuwa safarini, mafundi hawakujua. Kisha kicheko. Na sisi tunacheka!

Sawa, nguzo zimepinduka, macho tunayo. Lakini juu ya vichwa vya hao wanaocheka kuna paa la matumbawe na saruji, limejikunja kama pipa lililolazwa. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko la watumwa la papo hapo lilipofungwa. Krismasi ya 1877 watu wakasali humo, jengo halijaisha. Zaidi ya miaka mia moja baadaye paa lipo. Hilo nalo alijenga nani? Hapo jibu hugeuka ghafla: Steere! Kosa la fundi, sifa ya askofu. Mahesabu gani haya, jamani?

Simbezi Steere. Alikihangaikia Kiswahili kuliko baadhi ya wasomi wetu, na kaburi lake liko nyuma ya altare, anastahili. Ila hakuponda matumbawe yeye, wala hakupandisha karai juani. Kaburi lake tunalijua, kiti chake tunakijua, hata tarehe zake tunazo. Basi wewe unayechekea nguzo, nitajie fundi mmoja. Mmoja tu, kwa jina.