Mtoto apewe kiti na mkanda, angani na barabarani

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akipanda ndege, hata kama hakukatiwa kiti na anapakatwa na mama yake, mhudumu humletea mkanda wake mdogo. Mkanda huo hupitishwa kwenye mkanda wa mama, ukafungwa kiunoni mwa mtoto, na ndege haiondoki mpaka mhudumu apite kukagua. Mtoto huyohuyo akipanda basi la mkoani pale stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, mama yake haulizwi chochote zaidi ya tiketi. Mambo tumeyapindua. Hatari kubwa katika safari zetu iko barabarani, na huko barabarani ndiko tunakowaacha watoto bila kitu cha kuwashika.

Naishi Göteborg, Uswidi, na kazi yangu ni uuguzi. Mji huu ndio makao ya Volvo, na ni mhandisi wa kampuni hiyo, Nils Bohlin, aliyebuni mwaka 1959 mkanda unaopita begani na kiunoni, huu unaoukuta leo kwenye magari karibu yote duniani. Uswidi mtoto asiyefikia urefu wa sentimita 135 hapandi gari bila kiti chake maalumu, na wazazi wengi huwakalisha wadogo wakitazama nyuma mpaka wafike miaka minne hivi. Nalitaja hili kwa sababu mtu atasema, huyu katoka Ulaya anatuletea mambo ya Ulaya. Lakini mimi kabla ya kuhama nilifanya kazi kwenye wodi ya majeruhi, katika hospitali iliyo kando ya barabara kuu hukohuko Tanzania. Watoto waliokuwa wamepakatwa niliwapokea kwa mikono yangu. Mara nyingi mama alikuwa amevunjika mkono au mguu, anazungumza, anauliza mwanangu yuko wapi, na mtoto ndiye aliyeumia kichwa.

Mwaka jana tulikwenda nyumbani Mbinga, mimi, mume wangu na watoto watatu, kumsalimia bibi yao aliyekuwa hajamwona huyu wa mwisho. Safari ya angani ilikuwa ya kawaida: Göteborg hadi Istanbul, Istanbul hadi Dar es Salaam usiku kucha. Ndege ya Songea ipo, lakini nauli ya watu watano baada ya nauli ile ya Ulaya si mchezo. Isitoshe, tulitaka watoto waione nchi. Kwa hiyo tukapumzika kwa shemeji yangu Kimara, kisha alfajiri moja tukaenda stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Mbele yetu kulikuwa na zaidi ya kilomita 1,000.

Tulikuwa tumekata tiketi tano, na ya mdogo ikiwemo. Nilipotaka kufunga kiti chake cha gari, mkanda sikuuona. Nikapapasa. Ulikuwa umefunikwa na kava la kiti, lile la rangi ya zambarau lenye jina la basi, limeshonwa likabana kabisa. Mume wangu akalilegeza kwa ufunguo, akauvuta mkanda ukatoka na vumbi lake na maganda ya karanga. Ulikuwa mzima, unafunga. Kiti cha binti yangu mkubwa mkanda ulikuwepo upande mmoja tu. Ule upande wenye chuma cha kufungia haukuwepo. Tukambadilisha na baba yake. Wakati huohuo mhubiri alikuwa amesimama mbele, anatuombea safari njema, na basi zima tukaitikia amina kwa moyo wote. Mimi ni mtu wa sala na ile sala niliipokea. Nilitamani tu kwamba baada ya amina kila mtu angeutafuta mkanda wake.

Tulipofika Msamvu, Morogoro, konda akaja. "Dada, huyo mtoto mpakate, kuna mzee anashuka Mikumi tu."

"Kaka, hiki kiti nimekilipia."

"Najua umelipia, lakini mtoto mdogo hakai kiti. Wenzako wote wamepakata."

Alisema kweli. Nilipogeuka niliona akina mama wamepakata mmoja, mwingine wawili, na mmoja alikuwa na mtoto amesimama katikati ya magoti yake, kichwa kikielekea chuma cha kiti cha mbele. Siwalaumu hata kidogo. Mama anayekwenda kijijini na watoto watatu, akiambiwa alipe nauli nne, hatasafiri. Anapakata kwa sababu ndivyo mfuko wake unavyomruhusu, na kwa sababu anaamini mikono yake inatosha.

Haitoshi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo mia kadhaa. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, awe amelala au yuko macho. Na mabasi yetu yanaruhusiwa kwenda 80 nje ya makazi ya watu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, nazo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Afrika ndiko kwenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo kulingana na idadi ya watu. Shirika hilohilo linasema kufunga mkanda kunaweza kupunguza uwezekano wa abiria kufa hadi nusu.

Baada ya Mikumi, ambako watoto walipiga kelele za furaha kwa kuona twiga karibu na lami, tukapita Ruaha Mbuyuni na kuanza kuupanda Kitonga. Anayeijua njia hii anajua: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na malori ya Tunduma yanapanda kwa kujikongoja mpaka madereva wa nyuma wanaishiwa subira. Dereva wetu alikuwa mtaratibu, namshukuru. Lakini usalama wa mtoto usitegemee kama dereva wa siku hiyo ni mtaratibu.

Zipo sababu mbili za kutofunga mkanda ninazozisikia kila ninapolizungumza hili. Ya kwanza, kwamba basi likiwaka moto au likitumbukia mtoni, mkanda utamzuia mtu kutoka. Nawajibu kama muuguzi: anayetoka kwenye basi linalowaka ni yule aliyebaki na fahamu zake, na aliyerushwa akagonga paa habaki na fahamu. Ya pili, kwamba siku ikifika imefika. Basi mbona tunakagua matairi?

Na kweli tunayakagua. Serikali imefanya mengi ambayo miaka ya nyuma hayakuwepo. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, inafuatilia mwendo wa mabasi kwa vifaa vilivyofungwa ndani yake, na trafiki wanaingia mabasini kabla ya safari. Kwa kuwa askari tayari yumo ndani ya basi, namwomba apite viti vyote, avute mkanda mmoja mmoja, na basi ambalo mikanda yake imeshonewa ndani ya kava lisiondoke. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Bunge liifanyie marekebisho ambayo yatamtaja mtoto waziwazi, kwenye gari dogo na kwenye basi. Na LATRA, inayopanga nauli, ipange nauli ya kiti cha mtoto ambayo mama wa kijijini anaimudu, nusu au hata pungufu ya hapo, kisha kiti hicho kiwe chake mpaka mwisho wa safari, konda asikidai Msamvu.

Wenye mabasi watasema wanapoteza mapato. Watapoteza kidogo, ndiyo. Lakini abiria naye ana sauti yake.

Wakati wa kurudi Dar, pale dirishani Mbinga, kabla sijatoa hela nilimwuliza wakala, kijana mdogo tu, kama viti anavyoniuzia vina mikanda inayofunga. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema hajawahi kuulizwa. Nikamwambia nitasubiri. Akatoka akaingia kwenye basi lililokuwa limeegeshwa nyuma ya ofisi, akakaa humo kitambo, akarudi na vumbi kwenye shati. "Mama, 17 na 18 zinafunga, 21, 22 na 23 pia. Hiyo 19 niliyotaka kukupa haifungi, nimemwambia fundi." Tukakata hizo tano.