Mtama Bora Hupimwa Shambani na Chunguni

Nyanda za kati za Tanzania hupata mvua ya msimu mmoja tu. Mjini Dodoma wastani wake kwa mwaka hauzidi sana milimita 600, karibu zote zikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi katikati ya msimu hutokea majuma kadhaa ya jua kali. Mahindi yakikutwa na jua hilo wakati wa kutoa mbelewele, mavuno huharibika. Mtama hukunja majani, hutulia, kisha huendelea kukua mvua irudipo. Ndiyo maana wakulima wa Ugogo wamekuwa wakihimizwa kwa miaka mingi walime mtama na uwele, mazao ambayo mababu zao waliyategemea kabla mahindi hayajaenea.

Wito huo ni wa haki. Upungufu wake ni kwamba mara nyingi umeisifu mbegu kwa ustahimilivu wake shambani tu, bila kumwuliza anayeitwanga, anayeipika na anayeila.

Mfano mzuri ni mtama wa Serena, uliozalishwa katika kituo cha utafiti cha Serere, Uganda, na kuenea Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1960. Hukomaa mapema na hustahimili ukame. Punje zake za kahawia zina tanini, kitu kichungu kinachowachukiza ndege. Lakini tanini hiyo hiyo huutia ugali uchungu, huufanya uwe mweusi, na hushikamana na protini hata mwili usiweze kuitumia yote. Kinachomfukuza ndege humchukiza na mlaji.

Matokeo ya kumsahau mlaji yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1970. Baada ya ukame wa 1973 hadi 1975, serikali ilipandisha bei za mazao yanayostahimili ukame. Wakulima waliitikia, na Shirika la Taifa la Usagishaji likanunua mtama kwa wingi. Lakini wanunuzi wa mijini walitaka sembe, na shehena kubwa ikabaki maghalani.

Watafiti walijifunza. Aina zilizofuata, kama Pato na Macia, zina punje nyeupe zisizo na uchungu. Hakika na Wahi, zilizotolewa mwaka 2002, hukabiliana na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Siku hizi mtama mweupe hununuliwa hata na viwanda vya bia. Hata hivyo mtama mtamu kwa mlaji ni mtamu kwa kwelea kwelea pia. Mkulima apandaye peke yake aina inayowahi kukomaa huwakaribisha ndege wa kijiji kizima, na watoto wake hulazimika kuamia shamba badala ya kwenda shule.

Kwa hiyo, yafaa mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, kabla mbegu haijatolewa, wanawake wa vijijini waitwange, waipike na kutoa hukumu yao, na hukumu hiyo iwe na uzito sawa na hesabu ya magunia. Pili, kijiji kipande aina moja kwa siku zinazokaribiana, ili hasara ya ndege igawanyike na zamu za kuamia ziwe za wote. Tatu, mashine za kukoboa mtama zifikishwe vijijini, kwa maana tanini nyingi hukaa chini tu ya ganda la punje, na kuiondoa kwa mchi na kinu ni kazi inayowachosha akina mama na kuwafanya wayapende mahindi.

Wala mtama wa kahawia usidharauliwe. Palipo na ndege wengi utaendelea kuwa kinga, na kwa pombe ya kienyeji una wapenzi wake.

Ukame utarudi Dodoma, kama ulivyorudi mara nyingi. Utakapofika, familia itaokolewa na mbegu ambayo ilikwisha kuizoea na kuipenda katika miaka ya neema; ile iliyopandwa kwa amri tu itakuwa imekwisha sahauliwa.