Rais Asamehe, Lakini Kwanza Aulize

Tarehe 9 Desemba 2017 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulipoamka hapa Silver Spring, simu ya mama ilikuwa imejaa ujumbe kutoka nyumbani: Rais Magufuli, akihutubia sherehe za Uhuru kule Dodoma, amewasamehe Babu Seya na mwanawe Papii Kocha. Baba aliweka muziki wao, shangazi yangu akacheza na mwiko mkononi. Mama hakucheza. Aliuliza tu, "Na wale watoto, kuna mtu amewapigia simu?" Hakuna aliyemjibu.

Kwa wasiojua: wanamuziki hao walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004, Dar es Salaam, kwa makosa ya kuwabaka watoto wa shule ya msingi. Wao walikana siku zote. Miezi mitatu baada ya msamaha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema baadhi ya haki zao katika kesi ile zilikiukwa. Mpaka leo ukilitaja jambo hili kwenye harusi ya Watanzania, meza inagawanyika. Mimi siingii huko. Ninachosema ni kwamba msamaha haukuamua lolote kati ya hayo. Ulifungua mlango wa gereza, basi. Kama kesi iliharibika, waliofungwa hawakupata jibu kwa msamaha ule. Kama haikuharibika, Katiba haikulazimisha watoto wapewe hata taarifa.

Muhula huu, katika somo la katiba, nimegundua kwamba swali la mama ni la kisheria kabisa. Mamlaka ya kusamehe ni masalio ya wafalme wa Uingereza: jambo ambalo mkuu wa nchi analifanya kwa utashi wake. Katiba ya Tanzania imeyaweka katika ibara ya 45. Wamarekani waliokataa ufalme wote waliyabakiza hayo hayo mwaka 1787, na Hamilton akayatetea kwa hoja kwamba mtu mmoja huwa mwepesi wa huruma kuliko kundi. Mipaka waliyoweka ni miwili tu: makosa yawe dhidi ya Marekani, si ya jimbo, na msamaha usimwokoe anayeshtakiwa na Bunge ili aondolewe madarakani. Mwaka 1867, katika kesi ya Garland, Mahakama ya Juu ilisema hata Bunge haliwezi kuupunguza uwezo huo. Wizara ya Sheria ina utaratibu wa kupokea maombi, na utaratibu huo unagusia kuwasikiliza walioumizwa, ila kanuni zenyewe zinakiri kwamba hazimfungi Rais.

Sisi wa eneo hili tumeyaona hayo kwa macho. Wilaya ya Columbia haina gavana, kwa hiyo hata kosa la sheria za mji linasamehewa na Rais. Oktoba 2020 kijana wa miaka ishirini, umri wangu, alikuwa akiendesha pikipiki ndogo Kaskazini Magharibi mwa mji, polisi wakimfuata kwa gari. Alipotokea kwenye kichochoro aligongwa na gari jingine, akafa. Baraza la wazee wa mahakama liliwakuta askari wawili na hatia, mmoja kwa mauaji na kuficha ukweli, mwenzake kwa kula njama na kuficha ukweli. Tarehe 22 Januari 2025 wote wawili walisamehewa. Siku mbili kabla yake walikuwa wamesamehewa watu wapatao 1,500 wa vurugu za Januari 6, ambazo ziliumiza polisi wapatao 140. (Msinishike upande: Biden naye alimsamehe mwanawe, kisha ndugu zake.) Mjini hapa, mama wa marehemu na polisi aliyepigwa wana jambo moja la kufanana: sheria haikumtaka mtu yeyote awaulize.

Vuka Eastern Avenue uingie Maryland, mambo yanabadilika. Katiba ya jimbo, ya mwaka 1867, inamtaka gavana atangaze gazetini ombi la msamaha na siku ambayo uamuzi unaweza kutolewa. Ni sharti dogo, la kizamani, na silioni kama limewanyima magavana huruma. Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 2010. Chini ya kifungu cha 133 Rais anasamehe kwa kufuata ushauri wa kamati, na kamati inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Napenda kifungu hicho, ila neno "inaweza" linaniudhi. Lingekuwa "lazima".

Najua mwalimu mmoja wetu atauliza: je, wale wanaochukiwa na kila mtu? Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu ya kifo wafungwa zaidi ya 4,000 kwa mpigo. Angesubiri kila familia ikubali, wangekuwa wanangoja mpaka leo. Ni kweli, ndiyo maana siwapi waathiriwa kura ya turufu. Wapewe taarifa mapema na nafasi ya kusema, kisha Rais aamue apendavyo na aandike sababu zake.

Majuzi nilimsomea mama rasimu hii kwa simu. Nilidhani atafurahi. Akasema barua kama hiyo ingemtonesha mtu kidonda alichokwisha kukifunika. Nikamwambia barua inaweza kutupwa bila kusomwa. "Haya," akasema, "lakini iandikwe kwa lugha anayoielewa."